Daftari la Mwaka na Dhamiri ya Jumuiya Mjini Kisangani

Daftari la pamoja la mwisho wa mwaka ni maandishi ambayo kundi la watu, liwe parokia, msikiti, chama cha akina mama au ukoo, huandika kwa sauti ya "sisi" likieleza mwaka ulivyopita na namna wenyewe walivyoupitisha. Si shajara ya mtu mmoja, ambayo mwenyewe huificha, wala si ripoti ya ofisi, ambayo huandikwa ili mkubwa aridhike. Ndani yake mna swali gumu la dini na falsafa: je, kundi linaweza kuchunguza dhamiri yake? Mtu mmoja anaweza kukaa usiku wa tarehe 31 Desemba akajihoji. Mtaa mzima hauna moyo mmoja wa kuhojiwa. Hata hivyo mtaa hutenda. Humpokea mkimbizi au humfukuza, humzika maskini kwa heshima au humwacha mikononi mwa ndugu zake wawili, husema mbele ya dhuluma au hunyamaza. Panapotendwa jambo kwa pamoja, hesabu nayo inafaa iulizwe kwa pamoja.

Swali hili lina uzito wa pekee Kisangani, makao makuu ya jimbo la Tshopo. Mji ulianza mwaka 1883 kama kituo cha Stanley Falls, baadaye ukaitwa Stanleyville, na tangu 1966 unaitwa Kisangani. Kwenye maporomoko wapo Wagenya wavuvi, mtoni wapo Walokele, na kutoka msituni walikuja Wakumu, Wambole, Watopoke na wengine wengi. Uislamu na Kiswahili viliingia na misafara ya biashara ya akina Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefanywa liwali wa mahali hapo mwaka 1887. Desemba inapokwisha, watu hao huvuka mwaka kila mmoja kwa njia yake. Wakatoliki humshukuru Mungu kwa wimbo wa Te Deum na kurudi kanisani kesho yake, siku ambayo tangu 1968 ni Siku ya Amani Duniani. Waprotestanti na makanisa ya uamsho hukesha. Asubuhi, kutoka Mangobo hadi ng'ambo ya mto kule Lubunga, salamu ni moja: "Bonane!" Waislamu nao huipokea kwa ujirani mwema, ingawa mwaka wao wa Hijria huanza Muharram.

Katika mikesha mingi ya makanisa ya uamsho, kilele ni pale mchungaji anapotangaza neno la mwaka: huu utakuwa mwaka wa ushindi, wa kuinuliwa, wa milango kufunguka. Tumaini hilo halistahili kudharauliwa katika mji uliopigwa mara nyingi. Upungufu wake ni kwamba mwaka uliotangazwa hauulizwi kitu unapokwisha. Neno la mwaka jana hufunikwa na neno la mwaka huu, na hakuna anayesimama mbele ya waamini kusoma yaliyotokea kati ya mkesha mmoja na mwingine.

Wamoraviani walishughulikia upungufu huo karibu karne tatu zilizopita. Jumuiya yao ya Herrnhut, Ujerumani, iliyofanywa upya mwaka 1727, iliweka utaratibu wa kila usharika kutunza shajara yake. Mwisho wa mwaka mchungaji alikusanya kumbukumbu zilizoitwa Memorabilia, nazo zikasomwa kwa sauti katika ibada ya kuukaribisha mwaka: waliozaliwa, waliofariki, waliobatizwa, yaliyoupata usharika na yaliyoupata ulimwengu. Kanisa hilohilo huchagua kwa kura neno la Biblia la kila siku ya mwaka unaokuja, na vitabu vya maneno hayo vimechapishwa tangu 1731. Kwa hiyo Mmoraviani hupokea neno la kesho na kusikia hesabu ya jana. Wamisionari wao walifika Rungwe, kusini mwa Tanzania ya leo, mwaka 1891, na Kanisa la Moravian la Tanzania limerithi mapokeo ambayo wakristo wengine wa Afrika Mashariki na Kongo wangefaa kuyatazama kwa makini.

Huko Kongo, desturi ya shajara ya pamoja iliingia kwa mlango wa misheni za Kikatoliki. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, aliagiza kila kituo kiandike shajara ya kila siku, na nakala zake kupelekwa makao makuu karibu na Algiers. Vituo vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kama Mpala iliyokabidhiwa kwao mwaka 1885, viliandika hivyo. Kisangani yenyewe ilihubiriwa na Mapadri wa Moyo Mtakatifu, wakiongozwa na Gabriel Grison, aliyefika mwaka 1897 na kuanzisha misheni ya Mtakatifu Gabriel. Wanahistoria wanazishukuru shajara za misheni kwa mengi. Lakini msomaji mwangalifu huona haraka kwamba "sisi" wa kurasa hizo ni mapadri watatu au wanne kutoka Ulaya. Katekista aliyetembea siku tano msituni, fundi aliyechoma matofali ya kanisa, mama aliyepika, wote wamo kama watu wanaosemwa, wala si wasemaji. Jumuiya iliyoandikwa ilikuwa pana kuliko jumuiya iliyoandika.

Kinyume chake kinaonekana katika andiko la Kiswahili lililotolewa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1965. André Yav alikusanya historia ya mji huo kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, watu waliofulia nguo, kupika na kulea watoto wa wazungu wakiitwa "boy" hadi uzeeni. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alilichapisha upya pamoja na maelezo mwaka 1990. Tarehe zake hazilingani daima na za maktaba, na sarufi yake ni ya mtaani. Thamani yake iko kwingine: watu waliokuwa wakisemwa walichukua kalamu wakasema. Kila daftari la mwaka lingefaa kuanza kwa kuuliza ni akina nani hao "sisi", kwa maana jibu la swali hilo huamua mengine yote.

Tangu maaskofu wa Kongo walipochagua mwaka 1961 kuweka jumuiya hai za kikristo mbele ya kazi zao, parokia zimegawanyika katika vikundi vya majirani. Kwa Kiswahili cha mashariki mwa nchi kikundi hicho huitwa shirika, na nchini Tanzania huitwa jumuiya ndogondogo. Karibu kila shirika lina sekretere, na sekretere ana kaye yake, daftari la shule lenye jalada laini, mara nyingi likiwa limefunikwa kwa gazeti. Ukurasa wake hufuata mpangilio uleule: tarehe, nyumba waliyokusanyikia, somo la Injili, majina ya waliofika, sadaka kwa faranga, mgonjwa wa kutembelewa, msiba wa kuchangia. Anayeshiriki likelemba, mchango wa fedha wa zamu, huijua kaye ya namna hii hata bila kuwa mkristo, maana pale pia jina, zamu na kiasi huandikwa mbele ya wote. Kwa hiyo daftari la pamoja si kitu cha kuletwa kutoka mbali. Limo tayari ndani ya nyumba, juu ya kabati au chini ya godoro.

Lakini kaye hiyo ina kimya chake. Huandika kwamba mama fulani hakufika kwa sababu anaumwa. Haiandiki kwamba wiki nne zilipita na hakuna aliyekwenda kumwona. Huandika kiasi kilichokusanywa kwa ajili ya msiba, wala haisemi kwamba msiba wa mwenye duka ulichangiwa mara tatu ya msiba wa mwendesha toleka, baiskeli ya abiria. Maneno "hakufika" na "hatukwenda" ni sawa kwa uzito wa wino, ila ni la pili tu linaloingia katika dhamiri. Kaye ya wiki hugeuka daftari la mwaka siku shirika linapothubutu kuandika la pili.

Wapo wanafalsafa wanaokataa kwamba jambo hilo linawezekana. Karl Jaspers, alipoandika mwaka 1946 juu ya hatia ya Wajerumani, alitenganisha hatia ya jinai, ya kisiasa, ya kimaadili na ile aliyoiita ya kimetafizikia, inayogusa mshikamano wa mtu na mtu mbele ya Mungu. Taifa zima laweza kubeba wajibu wa kisiasa, lakini hatia ya maadili, kwa maoni yake, ni ya mtu mmoja mmoja mbele ya dhamiri yake. Hoja hiyo ina nguvu, na inamlinda mtu asiye na kosa asibebeshwe mzigo wa wengine. Ila inaacha pembeni jambo ambalo watu wa Tshopo wanalijua vizuri, nalo ni kwamba mara nyingi mtu hajui alichokosa mpaka wengine wamwambie.

Bénézet Bujo, mwanateolojia aliyezaliwa Drodro huko Ituri mwaka 1940 na kufundisha Fribourg, Uswisi, alijenga maadili yake juu ya baraza la Kiafrika. Katika baraza, alieleza, hakuna mwenye ukweli mzima kabla ya kusikilizana. Mzee, kijana, mwenye kesi na jirani yake hutafuna neno mpaka liive, na waliokufa pamoja na watakaozaliwa huhesabiwa kuwa wapo. Kwa mtazamo huo dhamiri ni ya mtu binafsi, lakini hulelewa na kunolewa ndani ya mazungumzo. Basi kundi halihitaji kuwa na moyo mmoja ili lijichunguze. Linahitaji nafasi ambapo mioyo mingi huulizana bila hofu, na mtu wa kuandika kilichokubaliwa. Hapa jibu la Bujo linaonekana kuwa na uzito zaidi kuliko lile la Jaspers, kwa sharti moja: baraza liwe la kweli, maana baraza ambalo wanawake na vijana huketi kando wakisubiri hukumu haliinoi dhamiri ya mtu.

Mpangilio wa kufuata upo karibu pia. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha misale kwa ajili ya majimbo ya Zaire, na liturujia hiyo hubadilisha mahali pa toba. Mwanzoni huitwa watakatifu na wahenga wenye mioyo minyofu washiriki ibada. Kisha Neno husomwa na kuhubiriwa, na baada ya hapo ndipo waamini huomba msamaha na kupeana amani. Toba inafuata baada ya kusikiliza. Daftari la mwaka likiandikwa kwa mfuatano huo, litaanza na majina ya waliofariki, litafuata na yaliyotokea, kisha lifike kwenye makosa, na mwisho upatanisho. Likianza na makosa, watu hujitetea. Likiishia kwenye takwimu za ubatizo na sadaka, halijafika kanisani bado.

Waislamu wa Kisangani wana mapokeo yao, na katika jambo hili yamechambuliwa kwa kina zaidi. Muhasaba, kujihesabu nafsi, ndiko kulikompa jina al-Muhasibi, sufi wa Basra na Baghdad aliyefariki mwaka 857. Ghazali (1058–1111) aliiandikia sura nzima katika kitabu chake Ihya, akaifananisha nafsi na mshirika wa biashara: asubuhi huwekewa masharti, mchana huangaliwa, jioni hufanyiwa hesabu ya faida na hasara. Hesabu hiyo ni ya kila siku, haingoji mwaka, na kimsingi ni siri kati ya mja na Mola wake. Kutangaza dhambi iliyositiriwa na Mungu ni kosa jingine juu ya kosa. Angalizo hili ni muhimu kwa dini zote, nalo linaonyesha mpaka wa daftari la pamoja: kilichotendwa sirini hakina mahali humo.

Mpaka huo ukivukwa, madhara yake ni makubwa. Kuna mitaa ambapo jina la mtoto au la bibi kizee likitajwa pamoja na ugonjwa au kifo, tuhuma ya uchawi huzaliwa jioni hiyohiyo. Daftari linaloandika kosa la mtu kwa jina lake laweza kumfukuza mtu huyo nyumbani. Kanuni inayofaa ni kali: waliokufa na waliotenda mema waandikwe kwa majina, makosa yaandikwe kwa "sisi". Anayehitaji kuandika la kwake ana daftari lake. Mwenye heri Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, aliyezaliwa Wamba mwaka 1939 na kuwa mtawa wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka, alitunza daftari dogo la makusudio yake ya kiroho. Aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 akitetea nadhiri zake, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Daftari lake na kaye ya jumuiya yake ni vitu viwili, na kila kimoja kina kazi yake.

John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya (1931–2019), anasaidia kueleza kwa nini majina ya waliokufa yatangulie. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Afrika alitumia maneno sasa na zamani kueleza wakati. Aliyekufa hubaki katika sasa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina, na wa mwisho kumjua akifa, naye huzama katika zamani. Mbiti alipingwa sana kwa kusema kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na wakati ujao wa mbali, na wapinzani wake walikuwa na sababu. Lakini juu ya majina aliona sawa. Walokele walisifika kwa ngoma zao za mti, lokole, zilizotangaza kifo kutoka kijiji hadi kijiji kando ya mto, na John Carrington, mmisionari wa Kibaptisti, aliandika kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1949. Ngoma hufikisha jina mbali kwa dakika chache. Kulitunza jina hilo kwa miaka hamsini ni kazi ya karatasi.

Kisangani inajua gharama ya majina yasiyoandikwa. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba makombora zaidi ya 6,600 yaliangushwa na raia wapatao 760 waliuawa. Kila Juni mji huwakumbuka. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilikiuka sheria ya kimataifa nchini Kongo kwa jumla, na tarehe 9 Februari 2022 iliiamuru ilipe dola milioni 325, kati ya hizo milioni 225 kwa madhara yaliyowapata watu. Rwanda haikuwa ndani ya kesi hiyo. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11 na kutaja vifo vya raia wapatao 180,000. Mahakama iliona ushahidi hautoshi, ikakadiria vifo kati ya 10,000 na 15,000 na kutoa fidia ya jumla. Si haki kusema kwamba kaye za mashirika zingebadilisha hukumu. Wakati wa vita watu hukimbia, hawaandiki. Ila ni kweli kwamba orodha iliyoandikwa mwezi uleule, mtaa kwa mtaa, ikiwa na jina, umri na mahali, ni shahidi ambaye hasahau wala hatikiswi kwa maswali.

Hapa ndipo daftari la mwaka linapokutana na jaribu lake kubwa kuliko yote. Jumuiya iliyoumizwa sana huzoea kuandika ilichotendewa tu. Inayo haki ya kuandika, na ole wake anayeiambia inyamaze. Lakini siku zile za Juni kulikuwa pia na nyumba zilizofungua milango kwa wageni na nyumba zilizofunga, na kulikuwa na waliogawana maji na walioyauza kwa bei ya damu, kama inavyotokea katika kila mji uliozingirwa. Mwaka wa kawaida, usio na vita, nao una milango ya namna hiyo. Ukurasa wa yaliyotupata na ukurasa wa tuliyotenda hazina budi kukaa katika daftari moja, zikitazamana, bila mmoja kutumika kuufuta mwingine. Kosa la jirani kwa jirani halipunguzi hata faranga moja ya deni la aliyerusha kombora, na kombora halimfanyi mtu kuwa mwema.

Kusoma kwa sauti ni sehemu ya kazi hii. Daftari lililoandikwa na sekretere peke yake bado ni la sekretere. Likisomwa mbele ya shirika zima kabla ya mkesha, mtu akasema "si hivyo, tulikuwa wawili tu siku ile", likasahihishwa papo hapo kwa kalamu na mbele ya macho ya wote, linakuwa la wote. Asiyejua kusoma ana haki sawa ya kusahihisha. Lugha iwe ile wanayoizungumza nyumbani, Kiswahili au Lingala, hata vikichanganyika, kwa sababu Kifaransa cha barua rasmi huwanyamazisha wengi wenye la kusema.

Linalobaki ni utunzaji. Hewa ya Kisangani ina unyevu, mchwa hawachagui, sekretere huhama, na kurasa za kaye iliyojaa huishia sokoni zikifungia karanga. Shirika linalomaliza kaye yake Desemba hii liipeleke parokiani ikiwa imeandikwa jina na mwaka juu ya jalada, msikiti uiweke ya kwake pamoja na vitabu vya wakfu, na nakala moja iombewe nafasi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Kisangani, chuo kilichoanzishwa na makanisa ya Kiprotestanti mwaka 1963.